Herrnhut, Kijiji Kilichokuwa Chuo

Herrnhut ni mji mdogo wa Saxony, Ujerumani. Ulianza mwaka 1722, pale wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipopewa hifadhi katika ardhi ya Nikolaus von Zinzendorf. Miaka kumi baadaye wakimbizi hao walikuwa wakituma wainjilisti ng'ambo, na chuo cha kuwaandaa hawakuwa nacho. Walioandaliwa waliandaliwa na maisha ya kijiji.

Kila mkazi alikuwa na kundi lake: waliooana, wajane, wagane, watoto, vijana. Wanaume wasiooa waliishi nyumba moja, wakafanya kazi, wakasali na kuonyana pamoja. Tangu Agosti 1727 waliwekeana zamu za maombi, usiku na mchana, nazo zikadumu zaidi ya miaka mia. Kila siku ilikuwa na andiko lake. Tangu 1731 maandiko hayo huchapwa kitabu kila mwaka, na Wamoravian, waumini wa kanisa lililotokana na kijiji hicho, wanayasoma hadi leo. Aliyelelewa hivyo akifika ugenini, ibada yake haikungoja jengo wala askofu.

Tena alikwenda na ufundi wake. Agosti 1732 Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, walifunga safari kwenda kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibi, kuwahubiria Waafrika waliokuwa utumwani. Udongo wa kule haukumfaa Dober. Useremala wa mwenzake ndio uliowalisha wote wawili. Hapa ndipo ninapoipenda zaidi desturi yao: mwinjilisti hakuwa mzigo kwa wenyeji.

Lakini haki isemwe. Misheni hiyohiyo ya St. Thomas baadaye ilinunua shamba pamoja na watumwa, na hilo halina utetezi. Nao watoto wa wamisionari walirudishwa Ulaya kusoma wangali wadogo, wengi wakakua mbali na wazazi.

Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, katika Tanzania ya leo. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na wainjilisti wake wamekwisha kuvuka mipaka kuingia Zambia, Malawi na Kongo. Ninyi mnaowaandaa, nawasihi: pamoja na theolojia na lugha za watu, wapeni ufundi wa kujilisha kabla hawajavuka.