Kabla ya kuingia kampuni ya ushauri, ulizia mlango wa kutokea

Kama una ofa mbili za kazi mkononi na hujui utie sahihi ipi, tulia kwanza. Hii ni yako.

Niseme ukweli mapema: mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na sijawahi kuvaa beji ya kampuni yoyote ya ushauri wa biashara. Lakini rafiki yangu tuliyeanza naye alimaliza, na ndani ya wiki moja akapata ofa mbili. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni kubwa, ofisi ya vioo kule Westlands. Ya pili ilikuwa ya kampuni ndogo, watu kama 12 hivi, inayoshauri hospitali na serikali za kaunti. Na ndoto yake, tangu siku ya kwanza chuoni, ni kuendesha hospitali.

Akachagua vioo. Mshahara ulizidi kwa Sh15,000, na mamake alikuwa ashatangaza kanisani.

Miaka mitatu baadaye, hospitali moja ikatangaza nafasi ya meneja wa mipango. Jina la kampuni lilimfikisha kwenye mahojiano, hilo nalikubali. Kisha akaulizwa: “Ni kazi gani ya hospitali umewahi kushughulikia wewe mwenyewe?” Kimya. Miaka yote hiyo alikuwa akipanga slaidi za benki. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Sisemi uzikimbie kampuni kubwa, la. Ninachosema ni kwamba kwa wengi, kazi hii ni steji, si nyumbani. Kampuni nyingi za ushauri zina desturi ya panda ama toka: usipopanda cheo kwa muda fulani, unaonyeshwa mlango kwa upole. Wengi wanaoingia watatoka. Swali ni, wewe utatoka ukijua kufanya nini?

Watu hupenda kumtaja Sundar Pichai, eti alipitia McKinsey kabla ya kujiunga na Google mwaka wa 2004. Ni kweli. Lakini alifika McKinsey akiwa ameshasomea uhandisi na biashara. Jina lilikuta ujuzi upo.

Basi kabla hujatia sahihi, fanya mambo matatu.

Kwanza, watafute waliotoka. Ingia LinkedIn, andika jina la kampuni, kisha uangalie watu waliofanya kazi pale Nairobi wakaondoka. Wako wapi leo? Kama hakuna hata mmoja aliye mahali unapotaka kufika, hilo ni jibu. Ukimpata mmoja, mwandikie kwa adabu, umwombe dakika 15.

Pili, ulizia idara, si kampuni tu. Deloitte, PwC, EY na KPMG zote zina ofisi Nairobi, na chini ya jina moja kuna ukaguzi wa hesabu, ushuru na ushauri. Ukiingilia ukaguzi ukitarajia kuhamia ushauri, uliza ni wangapi wamewahi kuhama. McKinsey na BCG zinajulikana zaidi kwa mikakati ya makampuni makubwa. Dalberg, iliyoanzishwa 2001, imejikita kwenye maendeleo, kama vile afya na kilimo. Ndoto yako iko upande gani?

Tatu, soma mkataba wote, hata yale maandishi madogo. Mwajiri anaweza kukulipia mitihani kisha akakufunga kwa miaka kadhaa. Ukitoka mapema, unarudisha pesa. Angalia pia kama unakatazwa kuajiriwa na wateja wa kampuni, maana mara nyingi mteja ndiye hukupa kazi inayofuata. Na ujue haki yako: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kisiongezwe bila wewe kukubali.

Rafiki yangu ameomba kuhamishiwa kikosi cha afya. Bosi amemwambia asubiri. Juzi alinipigia akiwa kwenye matatu, Waiyaki Way, akaniambia, “Si ungenishauri tu wakati ule.”

Wakati ule hata mimi singejua la kumwambia. Sasa najua, na wewe bado hujatia sahihi.