Wimbo Hudumu, Jasho ni la Nani?

Mwezi Oktoba mwaka 2022, wimbo "Heat Waves" wa bendi ya Kiingereza Glass Animals ulitimiza wiki 91 katika orodha ya nyimbo 100 ya gazeti la Billboard la Marekani, ukaupita "Blinding Lights" uliodumu wiki 90.

Sasa, ndugu msomaji, simama gatini Nyamisati, wasafiri wanapongoja chombo cha Mafia, uanzishe "Malaika". Watakuitikia pasipo kufundishwa. Fadhili William aliurekodi Nairobi yapata mwaka 1960, Miriam Makeba akauimba duniani, Boney M. wakautoa Ulaya mwaka 1981. Wimbo huo umehesabu miaka, si wiki.

Lakini jasho ni la nani? Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, alidai ni lake. Adam Salim naye alidai aliutunga mwaka 1945. Wimbo ulitajirika kwa sifa, watunzi wakabaki wakibishana.

Wimbo wa wapiga kasia wa delta ya Rufiji ni mali ya wote. Uliouzwa kwa santuri ni kazi, na kazi ina ujira. Mkata boriti za mikoko hakubali mzigo wake upakiwe jahazini bila kuhesabiwa. Mtunzi akubali kwa nini?

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999. Vijana wa Kibiti wanaotunga leo na waandikishe kazi zao mapema. Wimbo ukishang'oa nanga, ni vigumu kuuliza mwenyewe ni nani.