Matairi ya pikapu ya foo-wili: kabla hujanunua, soma ubavuni

Viazi vinapoanza kutoka shambani na mvua bado zinanyesha, ujumbe unaoingia kwenye kipindi chetu hubadilika. Wasikilizaji wanaacha kuuliza bei ya mbolea, wanauliza barabara. Kati yao wapo wenye pikapu ya foo-wili, yao wenyewe au ya kikundi, na swali lao karibu kila mara ni lile lile: matairi yamekwisha, fedha iliyopo inatosha mawili, je, tununue mawili ya tope tuyafunge nyuma?

Jibu letu ni hapana. Tunalitoa tukiwa tayari tumelilipia.

Gari la kituo, tunalotumia kwenda kurekodi vijijini, liliwahi kufungwa matairi mawili ya tope nyuma, makubwa kidogo kuliko ya zamani, huku mbele yakibaki yale yaliyolika. Muuzaji alituhakikishia kwamba nguvu ya gari iko nyuma, kwa hiyo mbele si tatizo. Tukatoka Makete kurudi Njombe, tukaingiza foo-wili kwenye tope, tukapanda vizuri tu. Tulipofika kwenye lami dereva wetu akasahau kuitoa. Baada ya muda usukani ukawa mzito, gari likawa kama linavutwa na mtu kwa nyuma, na tulipotaka kuitoa ile gia ikagoma. Fundi alipofungua lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma alikuta meno yamelika. Gharama ya matengenezo ilizidi bei ya matairi manne.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Pikapu nyingi za huku kwetu, ziwe Hilux au zile Land Cruiser tunazoziita mkonga, ukiingiza foo-wili ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa. Sasa chukua tairi jipya lenye kashata za milimita 12 na tairi lililolika likabaki na milimita 4, yote ya saizi moja. La zamani limepungua milimita 8 kila upande, yaani kipenyo kimepungua milimita 16. Kwa tairi la kawaida la Hilux, kila linapozunguka mara moja linaachwa nyuma sentimita 5. Katika kilomita moja zinafika mita 20 hivi. Mbele kunataka kwenda mita 20 zaidi au pungufu ya nyuma, na chuma cha katikati hakiruhusu. Kwenye tope tairi linateleza kidogo na ule mvutano unaisha. Kwenye lami au changarawe iliyoshindiliwa hakuna pa kuteleza, kwa hiyo kinachoumia ni gia. Na hapo tumehesabu matairi ya saizi moja. Yakiwa ya saizi mbili, kama yetu, hali ni mbaya zaidi.

Hata ukiwa na matairi manne mapya, foo-wili ya aina hii haitumiki kwenye lami kavu. Na kama gari lako ni lile ambalo foo-wili yake inafanya kazi wakati wote, usifunge kabisa matairi yasiyolingana, kwa sababu huna cha kuzima.

Kama kweli fedha ni ya mawili tu, na yale mawili yaliyobaki bado yana kashata za kutosha, nunua ya saizi ile ile na aina ile ile, mapya yakae nyuma ili mkia usiteleze kwenye kona yenye maji, na foo-wili itumike kwenye tope peke yake. Kama yaliyobaki yamekaribia kipara, ushauri wetu kwa vikundi ni kuchanga tena mkanunue manne. Tunajua si ushauri unaopendwa.

Sasa ya aina gani? Madukani utakutana na aina tatu, na mara nyingi herufi zake zimeandikwa ubavuni. H/T ni tairi la lami, kashata zake ni ndogo na zimekaribiana. M/T ni la tope, lina vipande vikubwa vilivyoachana ili tope litoke tairi linapozunguka. A/T liko katikati. Ukiona M+S usidanganyike kwamba hilo ni la tope, kwa sababu alama hiyo ipo pia kwenye matairi mengi ya kawaida ya barabarani.

Vijana wanapenda M/T kwa sababu gari linaonekana limesimama. Hatuwalaumu, linapendeza. Lakini piga hesabu ya safari zako kwa mwaka mzima. Gari linalobeba viazi kutoka shambani hadi Makambako huenda linakaa kwenye tope kilomita 10 au 15, zilizobaki zote ni changarawe na lami. Kwenye lami iliyolowa, M/T lina mpira mdogo unaogusa barabara, kwa hiyo breki zinachelewa kushika. Linalika haraka, linapiga kelele, linakula mafuta. Na mteremko wenye lami iliyolowa, gari likiwa na gunia juu ya gunia, ndipo mahali ambapo usingependa breki zichelewe. Kwa watu wengi wanaotuandikia, A/T ndilo linalofaa.

Wanaohitaji M/T kweli wapo: anayeishi mwisho wa barabara ya udongo mwekundu unaoteleza, anayepanda na kushuka kila siku miezi mitano, na lami anaiona mara moja kwa wiki. Huyo anunue. Wale wa Mbarali, kwenye udongo mweusi wa mbuga, tuseme ukweli: udongo ule ukilowa sawasawa unajaza kashata za tairi lolote mpaka linakuwa laini kama chungu. Pale minyororo ya matairi, koleo na subira vinasaidia kuliko aina ya tairi.

Tukija kwenye namba, hapa ndipo tungependa uchukue tochi ukaangalie gari lako mwenyewe. Hilux nyingi zina tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 65 inaonyesha kimo cha ubavu, kwamba ni asilimia 65 ya huo upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni rimu ya inchi 17. Hayo wauzaji wote wanayajua. Wanayoyaruka ni yale ya mwisho, 112S, na ndiyo yanayobeba maisha ya watu.

Namba 112 ni uwezo wa kubeba. Maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. Namba 108 ni kilo 1,000, namba 116 ni kilo 1,250, namba 121 ni kilo 1,450. Ukishusha kutoka 112 kwenda 100, umeshuka hadi kilo 800 kwa tairi, na kwa macho matairi hayo mawili yanaweza kufanana kama mapacha. Kumbuka pia uzito wa pikapu iliyopakia haugawanyiki sawa kwa manne. Mzigo unakaa nyuma, kwa hiyo matairi mawili ya nyuma ndiyo yanayobanwa. Herufi S inasema tairi linavumilia mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, L ni 120. Kwa barabara zetu herufi hiyo haitusumbui sana, ila usinunue iliyo chini ya ile iliyokuja na gari.

Wenye mkonga mtaona 7.50R16 au 225/95R16, na karibu nayo kuna maandishi kama 8PR au 14PR. PR ni kipimo cha ugumu wa tairi, si hesabu ya nyuzi zilizomo ndani. Namba ikipanda tairi linabeba zaidi, lakini kwa sharti moja ambalo watu wengi wanalisahau: upepo. Tairi gumu likijazwa upepo mdogo halibebi ule uzito ulioandikwa. Linakunjika ubavuni, linapata moto, na moto ndio unaolipasua. Ukiona tairi limepasuka na ubavu umeachana kama karatasi, mara nyingi lilikuwa limetembea muda mrefu na upepo pungufu na mzigo mwingi, wala usikimbilie kusema ni bovu tangu kiwandani.

Upepo unaofaa umeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Upimwe asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Ukipunguza ili uvuke mchanga au tope, nenda polepole na ujaze tena kabla hujaongeza mwendo. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari ni kitu ambacho kikundi chochote chenye pikapu kinapaswa kuwa nacho.

Je, kuweka saizi kubwa zaidi? Tukitoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, tairi linaongezeka kipenyo kwa asilimia 7. Saa ya mwendo ikisoma 80, kumbe unakwenda karibu 86. Gari linakuwa zito kupanda mlima, breki zinafanya kazi zaidi, na ukikata kona tairi linaweza kukwaruza matope gadi. Baki na saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Kitu cha pili cha kuangalia ubavuni ni umri. Tafuta herufi DOT, na mwisho wa maandishi hayo utakuta namba nne ndani ya duara refu. Ikiwa ni 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine namba hiyo iko upande mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi. Usikubali kuambiwa "ni jipya, halijawahi kutembea" kisha ukakuta limekaa stoo miaka saba. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala, unakauka na kupasuka vijistari vidogo kwenye ubavu. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafika miaka mitano, na litolewe likifika kumi hata kama kashata zipo. Tairi la akiba linahusika pia. Lile linaloning'inia chini ya gari tangu liliponunuliwa, likisubiri siku ya shida, huenda ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote.

Kuhusu ya mtumba, hatutajifanya kwamba hakuna anayenunua. Ukilazimika, soma hiyo namba kwanza. Pitisha mkono ndani ya tairi ukitafuta viraka, uvimbe au waya unaochoma. Angalia ndani ya mifereji ya kashata: kuna vijidaraja vidogo vya mpira, na kashata zikishuka zikalingana navyo zimebaki milimita 1.6, yaani tairi limekwisha. Uwe macho na tairi lililochongwa kashata upya kwa kisu cha moto kisha likapakwa rangi nyeusi. Linang'aa kuliko jipya, lakini mpira uliobaki juu ya waya ni mwembamba na mwiba mmoja unatosha. Vijidaraja tulivyovitaja ukivikosa kabisa, au mifereji ikiwa haina kina kimoja, liache.

Limebaki suala la kufunga. Tairi lililoandikwa TUBELESS lifungwe bila tyubu, kwenye rimu nzima. Kuweka tyubu ndani yake ili kuficha tundu la ubavuni kunaongeza moto na siku tyubu ikipasuka upepo unatoka wote kwa mara moja. Na kwa mkonga za zamani zenye rimu ya pete, ile inayofunguka vipande, tunawaomba sana: toa upepo wote kabla pete haijaguswa, na wakati wa kujaza hakuna mtu kusimama mbele yake. Pete ambayo haijakaa vizuri inaruka kwa nguvu ya kuua. Fundi pancha anayeijua kazi analiweka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, au walau analifunga kwa mnyororo na kujazia kwa mpira mrefu akiwa pembeni. Watoto wanaopenda kutazama pampu ikifanya kazi waondolewe pale.

Mkishafunga, omba gari lipimwe balansi na alaimenti kama mko mjini. Halafu mkitembea kilomita 50 hadi 100 simameni, mkaze nati zote tena, kwa kuruka moja hadi ya upande wa pili, maana nati za magurudumu yaliyotoka kufungwa hulegea. Spana ya magurudumu isibaki nyumbani siku hiyo.