Jenerali aliyekataa jeneza

Kama umekulia Kisumu, Ijumaa unazijua. Msafara wa matanga unapita Kondele, honi juu, boda mbele, picha ya marehemu kwenye kioo. Na simu yako haikosi kundi la WhatsApp la mchango: hema, ng'ombe, basi, jeneza.

Sasa nikusimulie kuhusu mtu ambaye angefanyiwa matanga ya kutikisa Nyanza nzima, lakini akasema hapana.

Jenerali Francis Omondi Ogolla alizaliwa 1962, mtu wa Alego, Siaya. Aliingia jeshini Aprili 24, 1984. Hebu ufikirie mwaka huo. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, kijana wa huku kwetu Nyanza, walikuwa wamejaribu kumpindua Rais Moi. Jeshi la Wanahewa likavunjwa, likaundwa upya. Halafu wewe, jina lako Omondi, unapelekwa huko huko 1985 ukiwa luteni wa pili. Mimi ningetafuta kazi nyingine, sikudanganyi.

Yeye alikaa. Wamarekani walimfunza kuendesha ndege za kivita, akarudi akawa mkufunzi wa marubani. Alisomea Ufaransa, tena akapata digrii Chuo Kikuu cha Nairobi. (Mimi niliyeacha chuo, hapo nilinyamaza kidogo.) Mwaka 2018 akawa kamanda wa Wanahewa, jeshi lile lile. Aprili 2023 Rais Ruto akamteua Mkuu wa Majeshi.

Aprili 18, 2024, helikopta yao ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Alikuwa ametoka kuwaona wanajeshi wanaokabiliana na majangili na kukagua shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi. Alifariki pamoja na wenzake tisa. Zilibaki siku sita atimize miaka 40 kazini.

Alifariki Alhamisi. Jumapili akazikwa kwake Ng'iya, Rais akiwepo, mizinga ikilia, na mwili ukashushwa kaburini bila jeneza. Ndivyo alivyokuwa ameiagiza familia: msinikawize, msinigharimie.

Mtaani tulibishana sana. Wengine walisema si desturi yetu, mtu mkubwa haendi hivyo. Nawaelewa. Kumuaga mtu vizuri ni heshima, na heshima Mjaluo haifanyii mzaha.

Lakini jirani yetu mmoja alikaa mochari wiki tatu tukichanga. Jeneza lilimeta, chakula kikaliwa, watu wakatawanyika. Muhula ulipofunguliwa, mwanawe wa kidato cha tatu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Lile kundi la mchango lilikuwa limeshafungwa.

Huhitaji kuzikwa bila jeneza ndiyo umuige jenerali. Ila mchango ujao ukianza, kabla ya kutuma pesa, uliza swali moja tu kwenye kundi: karo ya watoto iko kwenye bajeti?

Watakununia. Uliza tu.