Kalemng'orok, wacha chokoleti, chukua peremende ya bei rahisi

Ukishuka Kalemng'orok, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, usiulize chokoleti. Siagi ya kakao huanza kuyeyuka ikikaribia nyuzijoto 34, na jua la huku la saa saba halina huruma. Utalipa pesa nzuri halafu ulambe karatasi.

Chukua zile peremende ngumu zisizo na jina kubwa. Hizo ni sukari iliyochemshwa hadi karibu nyuzi 150, kwa hivyo jua haliziwezi. Adui yao ni unyevu. Mombasa zinanata kwenye karatasi. Hewa kavu ya Turkana inaziacha ngumu kama kioo.

Utamu je? Ya minti haikudanganyi. Ya matunda ni rangi tu: funga macho, uniambie kama umekula chungwa au nanasi. Tofi achana nayo, joto linailegeza.

Lakini chunga hesabu. Duka likikosa chenji, unarudishiwa peremende. Kama unazitaka, sawa. Kama huzitaka, dai sarafu yako, maana kesho ukizileta kununua unga hakuna muuzaji atazipokea.