Ushughulikiaji Salama wa Vikatizo katika Keneli Inayoendesha Mashine Pepe: Mazingatio kwa Seva za Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi keneli ya mfumo endeshi inavyoshughulikia vikatizo wakati inapoendesha mashine pepe, na kwa nini jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi wachache linagusa usalama wa kumbukumbu za wakimbizi na wagonjwa. Hoja inayoongoza ni kwamba utengano wa mashine pepe unategemea masharti mawili: mwenyeji asipoteze uwezo wake wa kukatizwa, na asipokee kikatizo ambacho asili yake haijathibitishwa. Mifano imechukuliwa kutoka keneli ya Linux na sehemu yake iitwayo KVM.

Utangulizi

Kambi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Banda. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Kambi hii ina nafasi ya pekee katika historia ya teknolojia ya utambulisho. Mwishoni mwa mwaka 2013, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliufanyia majaribio hapo mfumo wake mpya wa kutambua watu kwa alama za vidole, mboni za macho na picha za uso, kabla ya kuupeleka katika nchi nyingine. Huko Lilongwe nako, Baobab Health Trust ilianza mapema miaka ya 2000 kuweka hospitalini mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa yenye skrini za kugusa na vifaa vinavyotumia umeme mdogo.

Umeme ndio unaosukuma mjadala huu. Tufani Ana ilipokiharibu kituo cha Kapichira mnamo Januari 2022, gridi ya Malawi ilipoteza takriban megawati 130 kwa pamoja. Taasisi yenye betri chache na paneli za jua haiwezi kuwasha seva tano. Hushawishika kuwasha moja na kuigawa katika mashine pepe kadhaa: moja ya usajili, nyingine ya zahanati, nyingine ya barua pepe, na pengine nyingine ya wanafunzi. Uamuzi huo una mantiki. Hata hivyo, unahamisha mzigo wa usalama kutoka kuta za vyumba na nyaya zinazoonekana kwenda kwenye mistari michache ya msimbo ndani ya keneli.

Katika taaluma hii mashine pepe huitwa mgeni, na mfumo unaoiendesha huitwa mwenyeji. Ni istilahi zenye uzito mwingine kabisa zikitamkwa Dzaleka, ila hapa zimetumiwa kwa maana ya kiufundi tu.

Kikatizo na mlango wake

Kikatizo ni ishara inayoitaka prosesa iache kwa muda kazi iliyo nayo na kuhudumia tukio jingine. Kadi ya mtandao ikipokea pakiti, kisoma vidole kikimaliza kusoma au kipima muda kikifika mwisho, prosesa huhifadhi mahali ilipofikia, hutekeleza utaratibu unaohusika, kisha hurejea. Keneli inaweza kuzima upokeaji wa vikatizo kwa muda mfupi sana, hasa inapobadilisha data ambayo utaratibu wa kikatizo nao unaigusa. Katika muda huo hairuhusiwi kulala wala kusubiri kufuli ambalo mwenye nalo amelala, kwa kuwa huenda ishara ya kumwamsha ni hiyo hiyo iliyozuiwa mlangoni.

Mashine pepe huongeza ngazi ya pili. Mgeni naye ana keneli yake, naye huzima na kuwasha vikatizo akidhani anamiliki prosesa. Tangu mwaka 1974, Popek na Goldberg walieleza kwamba msimamizi wa mashine pepe lazima abaki na udhibiti kamili wa rasilimali. Prosesa za Intel na AMD zilizotoka kuanzia 2005 na 2006 zililitekeleza hilo kwa njia rahisi kueleza: mgeni akizima vikatizo, huwa amezima vile vyake vya kuigizwa tu. Kikatizo halisi kinapofika, prosesa humtoa mgeni na kumrudishia mwenyeji usukani, mgeni apende asipende.

KVM, iliyoanzishwa na Avi Kivity katika kampuni ya Qumranet na kuingizwa katika Linux 2.6.20 mnamo Februari 2007, imejengwa juu ya uwezo huo. Ugumu umebaki kwenye kizingiti, yaani katika maagizo machache kabla ya kumwingiza mgeni na machache baada ya kumtoa.

Kizingiti cha kuingia

Tuseme kiini kimoja cha prosesa kiko karibu kumwingiza mgeni, na wakati huo huo kiini kingine kimepokea pakiti inayomhusu mgeni huyo. Kiini cha pili huandika ombi katika kumbukumbu, kisha hutazama iwapo cha kwanza kimo ndani ya mgeni. Kikiwamo, hukitumia kikatizo ili kimtoe. Kiini cha kwanza nacho huangalia kama kuna ombi kabla hakijamwingiza mgeni. Hatari iko katika nafasi kati ya kuangalia na kuingia. Ikiwa vikatizo viko wazi, ishara itafika katika nafasi hiyo, itahudumiwa na mwenyeji kana kwamba haina maana, kisha mgeni ataingizwa bila habari. Pakiti itasubiri hadi jambo jingine, pengine kipima muda, limtoe. Kwa mtumiaji, seva huwa imeganda bila sababu, halafu ikaendelea yenyewe, na fundi hapati chochote katika rekodi.

KVM huziba nafasi hiyo kwa mpangilio maalumu. Kwanza huzima vikatizo, kisha hutangaza kwamba kiini kinaingia kwa mgeni, kisha huweka kizuizi kinachoilazimisha prosesa isibadilishe mfuatano wa kuandika na kusoma, ndipo huangalia maombi. Ombi likiwapo, safari huahirishwa. Lisipokuwapo, mgeni huingizwa vikatizo vikiwa bado vimezimwa kwa upande wa mwenyeji. Ishara ikifika baada ya ukaguzi, haipotei: hubaki ikisubiri, na mara mgeni anapoingia humtoa papo hapo. Hivyo kuzima vikatizo, ambako kwa kawaida huchelewesha ishara, hapa ndiko kunakohakikisha kwamba ishara haitamezwa. Mtu anayeupunguza mpangilio huu kwa nia ya kuongeza kasi huwa ameondoa uhakikisho huo, na majaribio ya kawaida huenda yasimwonyeshe kosa lake kwa miezi.

Kizingiti cha kutoka

Mgeni akishatoka, mwenyeji bado amezima vikatizo, na rejista kadhaa zina thamani za mgeni. Katika Intel, prosesa inaweza kuwa imeshakipokea kikatizo na kuacha namba yake tu. Kwa hiyo KVM yenyewe huita utaratibu unaohusika. Katika AMD, kikatizo husubiri nje hadi mlango ufunguliwe, na KVM huufungua kwa muda mfupi ili kiingie. Vikatizo visivyozuilika, vinavyotumiwa kuripoti hitilafu nzito za maunzi, ni vigumu zaidi. Kimoja kikimtoa mgeni, vingine vya aina hiyo huzuiwa hadi agizo fulani la kurejea litekelezwe. Hitilafu yoyote ndogo ikitokea katikati na kuhudumiwa, marejeo yake yatakifungua kizuizi kabla ya wakati, na kikatizo cha pili kitaingia juu ya cha kwanza ambacho hakijamalizwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 Thomas Gleixner na wenzake walitenga maeneo haya ya msimbo ili zana za ufuatiliaji zisiyaguse: hata zana inayohesabu tu inaweza kuzua hitilafu hiyo ndogo.

Mgeni anapofunga mlango wa mwenyeji

Mnamo Novemba 2015 ilibainika kwamba udhibiti wa mwenyeji haukuwa kamili kama ulivyodhaniwa. Kasoro mbili, CVE-2015-5307 na CVE-2015-8104, zilizihusu KVM na Xen kwa pamoja. Mgeni aliweza kuupanga utaratibu wake wa hitilafu kwa namna ambayo kuwasilishwa kwa hitilafu kunazaa hitilafu nyingine ya aina ile ile, bila mwisho. Mzunguko huo ulifanyika ndani ya prosesa yenyewe, kati ya agizo moja na jingine. Kwa kuwa kikatizo halisi hupokewa kwenye mpaka wa maagizo, na mpaka huo haukufikiwa tena, mwenyeji hakuweza kukirudisha kiini hicho. Marekebisho yalikuwa mafupi: mwenyeji alianza kuzinasa hitilafu hizo mwenyewe badala ya kuiachia prosesa iziwasilishe kwa mgeni.

Kasoro hiyo haikuiba data, na pengine ndiyo maana wasiokuwa mafundi huidharau. Dharau hiyo si sahihi. Mahali ambapo utambulisho wa familia hukaguliwa siku ya ugawaji wa msaada, seva iliyoganda ina maana ya foleni iliyosimama juani na watu wanaoweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Upatikanaji wa huduma nao ni sehemu ya ulinzi.

Vikatizo vya kughushi

Sharti la pili ni asili ya kikatizo. Katika mashine za kisasa, vifaa vingi hutuma kikatizo kwa kuandika thamani katika anwani maalumu ya kumbukumbu. Mgeni akikabidhiwa kifaa halisi moja kwa moja, anaweza kukiamuru kiandike katika anwani hiyo thamani yoyote, na prosesa itapokea kikatizo ambacho hakuna kifaa kilichokusudiwa kukitoa. Mwaka 2011 Rafal Wojtczuk na Joanna Rutkowska walionyesha jinsi njia hiyo inavyoweza kumpa mgeni nguvu juu ya mwenyeji. Kinga yake ni jedwali la maunzi linalopokea kila ombi la kikatizo, kuangalia limetoka kifaa gani, na kupitisha lililoruhusiwa tu.

Linux hukataa kumkabidhi mgeni kifaa ikiwa jedwali hilo halipo, lakini imeacha swichi iitwayo allow_unsafe_interrupts. Jina lake linajieleza, na bado maelekezo mengi ya mitandaoni huishauri kama dawa ya haraka. Hapa ndipo mashine zilizokwishatumika, zinazofika Afrika kwa msaada au kwa bei nafuu, zinapohitaji kuangaliwa kwa makini. Baadhi ya bodi za kizazi cha kwanza zilikuwa na ulinzi wa kumbukumbu dhidi ya vifaa bila kuwa na jedwali la vikatizo. Fundi mwenye mashine ya namna hiyo, anayetaka kumkabidhi mgeni kadi ya mtandao au kidhibiti cha kisoma vidole, atakutana na swichi hiyo siku ya kwanza.

Yanayopaswa kuamuliwa

Sheria ya Malawi ya Kulinda Data ya mwaka 2024 inawataka wanaosimamia data binafsi kuchukua hatua za kiufundi na za kiutawala za kuilinda. Kwa seva zinazojadiliwa hapa, hatua hizo zinaweza kuandikwa kwa lugha ya zabuni bila kumtaka afisa manunuzi ajue keneli. Rekodi ya keneli wakati wa kuwashwa hueleza kama jedwali la vikatizo linafanya kazi. Rekodi hiyo na iambatishwe kwenye hati ya makabidhiano. Swichi isiyo salama ipigwe marufuku. Mgeni atumie vifaa vya kuigizwa, isipokuwa pale ambapo kifaa halisi kinahitajika kweli. Upungufu mdogo wa kasi unavumilika.

Suala la kusasisha keneli ni gumu zaidi, kwa kuwa mwenyeji akizimwa, wageni wote huzimika pamoja naye. Ratiba ya kusasisha inapaswa kufungamanishwa na kalenda ya ugawaji na ya kliniki, na mtu mmoja mwenye jina na cheo awajibike kwayo.

Kuhusu mgeni wa wanafunzi, asikae katika mashine moja na usajili. Sababu si shaka juu ya wanafunzi. Anayejifunza mifumo hupewa mamlaka kamili ndani ya mashine pepe yake, na kasoro za 2015 zilimhitaji mtu mwenye mamlaka hayo tu. Dzaleka ina vijana waliofunzwa kuandika programu, wakiwamo waliopitia TakenoLAB iliyoanzishwa na Remy Gakwaya. Kusoma rekodi ya keneli na kupanga usiku wa kusasisha ni kazi wanayoweza kuajiriwa kuifanya, na mashine ya mazoezi iliyotengwa ndiyo mahali pa kuwafundishia.