Kabla ya Kutuma Pesa, Waulize Waliopokea

Mapigano yanapowatoa watu vijijini mwa Kabambare, jirani ya Kasongo huku mashariki ya Kongo, hasa upande wa Salamabila, simu za wana-Kasongo walio mbali huanza kulia. Mmoja yuko Kindu, mwingine Lubumbashi, mwingine Brussels. Ujumbe unafika na picha ya watoto chini ya turubai, jina la shirika ambalo juzi hakuna aliyelisikia, na namba ya M-Pesa au Airtel Money. Wengine hutuma huku moyo ukisita. Wengine, kwa kuogopa kuliwa pesa zao, hukaa kimya, na ukimya huo unamlaza njaa mtoto wa chini ya turubai kama vile wizi ungemlaza. Naandika kwa ajili ya wote hao.

Tuanze na karatasi, ingawa sitakaa hapo sana. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia vyama visivyotafuta faida, tunavyoviita ASBL. Chama kinatakiwa kuwa na wanachama wasiopungua saba, kiwe na katiba yake, na mwisho kipate arete, yaani amri rasmi, ya Waziri wa Sheria. Safari ya faili hilo inaishia Kinshasa, na kwa akina mama wa kijiji kimoja cha Kabambare, Kinshasa ni mbali kwa kila hali. Kwa hiyo kukosa arete hakumaanishi udanganyifu. Kuwa nayo nako hakuthibitishi uaminifu, maana yapo mashirika ambayo biro yake yote inaenea ndani ya mkoba mmoja: mhuri, katiba na picha. Omba nakala hata hivyo. Soma majina ya viongozi, uone kama rais, katibu na mtunza hazina wote ni wa nyumba moja. Kisha endelea mbele, kwa sababu kipimo kikubwa hakimo katika faili.

Kipimo hicho watu wetu wanakijua, hata wasiojua kusoma. Kipo katika AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana vilivyotokana na kazi ya CARE nchini Niger mwaka 1991 na ambavyo leo vimeenea mashariki yote ya Kongo. Wanachama huwa kati ya 15 na 25 hivi. Sanduku lao ni la chuma na lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, ambao hakuna kati yao anayelala na sanduku nyumbani kwake. Halifunguliwi popote isipokuwa mkutanoni. Kila mmoja anaitwa kwa zamu, anatoa hisa zake mbele ya wote, mhuri unagongwa katika kijitabu chake. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kufuli kurudishwa, salio la mfuko wa msaada linatajwa ili kila mtu aliweke kichwani. Mkutano ujao unaanza kwa kuuliza: tulibakiza ngapi? Mama aliyeketi nyuma na mtoto mgongoni anajibu, na jibu lake lazima lilingane na kilichomo sandukuni.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwa shirika lolote linaloniomba mchango. Nataka kujua kama linatoa hesabu mbele ya wale linaowasaidia. Ripoti za kwenda juu, kwa mfadhili, kwa mkoa, kwa makao makuu ya ng'ambo, karibu kila shirika linazo, na nyingi zimeandikwa vizuri. Hesabu ya kwenda chini ni adimu. Uliza hivi: mara ya mwisho mlisomea kijiji bajeti yenu lini? Nani alikuwepo? Walilalamikia nini? Shirika linalofanya kazi hiyo litakujibu papo hapo na kukutajia hata ugomvi uliotokea. Lisiloifanya litakutumia picha nyingine.

Wizi wa misaada si jambo la kunong'ona tu barazani. Mwaka 2018 Mercy Corps, shirika kubwa la Marekani, liligundua kwamba misaada yake ya dharura kwa waliohamishwa na vita hapa Kongo ilikuwa ikiliwa. Orodha za wahamishwa zilitiwa majina ya ziada, na ndani ya njama hiyo walikuwemo wafanyabiashara, viongozi wa mitaa na watumishi wa misaada wenyewe. Zaidi ya dola 600,000 zilipotea kwa shirika hilo peke yake, na uchunguzi mpana uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa wa sekta nzima. Mlango wa wizi ulikuwa ni orodha. Anayeandika majina usiku, na shefu peke yake, anaweza kuongeza kaya 50 na hakuna atakayejua. Orodha ikisomwa hadharani, chini ya mwembe, jina la mtu asiyekuwepo linakosa wa kuliitikia.

Wengine wakisikia habari hiyo huapa kutompa tena Mercy Corps hata senti. Mimi naona kinyume. Shirika lililochunguza, likakuta limeibiwa, likasema, linastahili kusikilizwa kuliko lile linalodai kwamba kwa miaka kumi halijapoteza hata gunia moja la unga. Ukimwuliza kiongozi ni mradi gani ulioharibika na akakosa wa kukutajia, funga mfuko wako kwanza.

Baada ya pesa huja swali la matunda, na hapo Kasongo ina historia ambayo watoto wetu wangepaswa kufundishwa shuleni. Miaka ya 1970, mradi wa afya wa Kasongo, uliofanya kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, uliwachanja watoto dhidi ya surua. Watu wa mradi wangeweza kuishia kuandika idadi ya sindano. Wafadhili wengi wangeridhika. Watu wa mradi walifuatilia ni watoto wangapi walibaki hai, wakalinganisha sehemu iliyochanjwa na ile ambayo chanjo ilikuwa haijafika. Mwaka 1981 wakachapisha katika jarida la Lancet, wakikiri kwamba faida waliyoiona mwanzoni ilionekana kufifia watoto walipozidi kukua. Wataalamu walibishana nao kwa miaka, na tafiti zilizofuata Guinea-Bissau na Bangladesh ziliipa chanjo ya surua heshima yake kamili. Mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu tu watu wa Kasongo walihesabu kwa uaminifu na kuweka hesabu yao wazi. Chama kidogo hakina uwezo wa utafiti kama huo, lakini kinaweza kukwambia kati ya wasichana 20 kiliowalipia shule mwaka jana, wangapi bado wako darasani, na walioacha waliacha kwa nini.

Sasa niseme kitu kuhusu gharama, maana hapa watoaji wema hukosea na kuwaadhibu wakweli. Mtu anauliza: katika dola zangu 100, ngapi zitamfikia maskini? Akiambiwa zote, anafurahi. Lakini kutoka Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na msimu wa mvua pikipiki inasukumwa kwenye tope kuliko inavyoendeshwa. Petroli inauzwa kwa chupa. Kuna vivuko, kuna vizuizi njiani. Mtu wa kupeleka dawa lazima ale na alale mahali. Waislamu wa Kasongo, ambao ni wengi, wanajua kwamba Kurani ilipotaja makundi manane ya wanaostahili zaka, iliwaweka humo pia wanaofanya kazi ya kuikusanya. Kazi ya kufikisha sadaka ina ujira wake, na ujira huo si aibu. Anayekuahidi kwamba hakuna hata franki moja itakayotumika njiani amekuficha pesa ya njia inatoka wapi. Afadhali yule anayekuonyesha: petroli kiasi hiki, mpagazi kiasi hiki, dawa kiasi hiki.

Kuna pia wanaotoa nguvu zao. Zoni zetu za afya zinasimama juu ya mabega ya reko, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni za polio na kuwapeleka watoto wenye utapiamlo kwenye kituo. Kijana anayetaka kujitolea atazame jinsi shirika linavyowatendea watu kama hao. Je, wanaandikiana makubaliano? Wanarudishiwa nauli? Wanapewa viatu vya mvua kabla ya kutumwa kijijini? Shirika linalodai pesa ya faili ili likuruhusu kujitolea, liache. Kwa wasichana ninasema kwa uzito zaidi. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la kulala na waliokuwa na uwezo wa kuwaajiri. Tume huru ilitoa ripoti Septemba 2021 na kuwatambua watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Majina makubwa na magari meupe hayakuwalinda wale dada zetu. Kabla hujaingia, uliza malalamiko yanapelekwa kwa nani, na kama mtu huyo ni mwingine mbali na bosi wako.

Kwa aliye mbali na asiyeweza kufika, ninapendekeza njia ambayo haihitaji elimu ya uhasibu. Usianze na pesa nyingi. Chagua kitu kimoja kinachoonekana: vipuri vya pompi iliyokufa, madawati ya darasa moja, mbegu za karanga kwa kaya kumi zilizohamishwa. Toa pesa ya kitu hicho tu. Kisha tafuta watu wawili ambao si wa shirika: muuguzi wa kituo, katekista, imamu, mwalimu, au mama anayeuza soko la Kasongo na ambaye ndugu zake wako kijiji kile. Usiwaulize kama shirika ni zuri, kwa sababu kwa adabu watakuambia ni zuri. Uliza pompi inatoa maji leo? Nani ana ufunguo wake? Kila nyumba inachanga kiasi gani kwa mwezi, na daftari la michango liko kwa nani? Rudia maswali hayo baada ya miezi sita, mvua zikiwa zimeshapita juu ya ile pompi, na majibu yakilingana, tuma mara ya pili.